Kontrola Haikuwa na Kosa

Kontrola ile haikustahili kuguswa. Foklifti ya magurudumu matatu, volti 48, inaleta msimbo wa sensa ya usukani kila ikikata kushoto; ikinyooka, inatulia. Fundi akausoma kwenye skrini, akaufuta, ukarudi, akaufuta tena, kisha akaagiza kontrola mpya.

Kuchomoa betri, kusubiri kapasita zimalize chaji, kuweka magogo chini ya mashine: hayo aliyafanya vizuri.

Tatizo ni lile agizo. Msimbo unaotokea kona ya upande mmoja tu unaelekeza kwenye kitu kinachosogea. Kontrola imefungwa kwa bolti. Vinavyosogea ni ekseli, sensa, na nyaya zinazojikunja pale kila usukani ukizungushwa. Sensa ile ina chaneli mbili, moja hupanda huku nyingine ikishuka, na jumla yake hubaki karibu na volti 5. Jumla ikiyumba, kontrola hupunguza mwendo au husimamisha mashine, kwa sababu bila pembe ya gurudumu haijui mota ya upande wa ndani wa kona ipunguzwe kiasi gani. Iliposimamisha mashine, ilikuwa inamlinda dereva. Tukaishtaki.

Na mita ilikuwa palepale mezani! Plagi ikiwa imechomekwa, unapima volti 5 zinazoingia, kisha chaneli moja moja, huku mwenzako akizungusha usukani taratibu kutoka mwisho hadi mwisho. Namba zingeruka kushoto. Ungetikisa nyaya, zingeruka tena. Waya ulikuwa umekatika ndani ya plastiki yake, penye mkunjo wa ekseli, ambapo jicho halioni. Badala yake ikafungwa kontrola yenye mipangilio ya kiwandani, haijafundishwa hata katikati ya usukani ni wapi, na msimbo ukarudi kona ya kwanza.

Nimeshasema na narudia: kufuta msimbo si kutengeneza. Mafundi waliokulia kwenye mota za brashi hawakuwa na skrini. Walishika taa ya kupimia, wakaufuata waya kwa vidole kutoka betri hadi mwisho wake, na kipuri kiliagizwa baada ya hapo. Mpaka leo sijaona waliowazidi.

Kadi ya kazi iandikwe volti za chaneli zote mbili, kushoto, katikati na kulia. Kadi isiyo na namba hizo, meneja asiisainie kipuri.