Ukumbi Unaofuata Maji: Kuchagua Mahali pa Mafunzo Salale na Delta ya Rufiji

Mahali pa mafunzo huchaguliwa kwa kupima mambo manne: washiriki watafikaje, watajifunza nini, watakula na kulala wapi, na gharama yote itakuwa kiasi gani. Katikati ya Dar es Salaam, eneo la Posta, karibu yote hayo hujibiwa na ukumbi wenyewe. Kituo cha Mikutano cha Kimataifa cha Julius Nyerere, kilichofunguliwa mwaka 2013, na kumbi za hoteli za jirani zina umeme, vipaza sauti, projekta na wapishi wao. Mwandaaji hulinganisha bei kwa kila mshiriki kwa siku, huangalia foleni na maegesho, kisha huamua. Katika kata ya Salale, wilayani Kibiti, vigezo ni vile vile, ila mpangilio wake hubadilika. Huko maji huja kwanza, na ukumbi hufuata.

Salale ipo upande wa kaskazini wa delta ya Rufiji, penye mikoko inayokadiriwa kufikia hekta 53,000, karibu nusu ya mikoko yote ya Tanzania Bara. Tangu mwaka 2004 eneo lote la Rufiji, Mafia na Kilwa limo katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa. Utajiri huo ndio unaoleta mafunzo mengi: ya vikundi vya BMU vinavyosimamia rasilimali za uvuvi chini ya Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003, ya kamati za maliasili za vijiji, ya upandaji wa mikoko, na ya vikundi vya kuweka na kukopa. Washiriki wake ni wavuvi, wakulima wa mpunga na viongozi wa vijiji, na wengi wao hawawezi kutoka nyumbani bila chombo cha majini.

Ramani ya utawala nayo imeathiri uchaguzi huu. Delta yote ilipokuwa chini ya Wilaya ya Rufiji, makao makuu yalikuwa Utete, ng'ambo ya kusini ya mto, na kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, magari yalivushwa kwa pantoni pale Ndundu. Mradi wa Usimamizi wa Mazingira Rufiji, ulioendeshwa kwa msaada wa shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, kati ya mwaka 1998 na 2003, ulikuwa na ofisi Utete, lakini kazi za mipango ya matumizi ya rasilimali zilipelekwa katika vijiji vya mfano, vikiwemo Jaja na Twasalie ndani ya delta. Njia hiyo ina mantiki hadi leo: anayepanga matumizi ya msitu wa kijiji hupanga vizuri zaidi akiwa na msitu wenyewe mbele ya macho. Baadaye Wilaya ya Kibiti ilipomegwa kutoka Rufiji, makao makuu ya wilaya kwa watu wa Salale yalisogea hadi mji wa Kibiti, kando ya barabara kuu ya kusini, kiasi cha kilomita 140 kutoka Dar es Salaam.

Kwa hiyo mwandaaji wa leo ana machaguo manne: Posta, mji wa Kibiti, Nyamisati iliyo ukingoni mwa maji, au kijiji chenyewe ndani ya delta. Kabla ya kuyalinganisha, hana budi kusoma maji.

Katika pwani hii maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa takribani saa 24 na dakika 50. Kila siku basi saa ya kujaa husogea mbele kwa karibu dakika 50. Wakati wa bamvua, siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji hujaa sana na kupwa sana. Wakati wa maji mafu tofauti huwa ndogo. Mikondo mikuu ya delta ina kina: mwaka 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg, yenye urefu wa zaidi ya mita 115, ilitia nanga Salale. Vijito vinavyoingia vijijini ni jambo jingine. Maji yakipwa, hubaki tope, na boti hukaa juu yake hadi maji yarudi.

Mfano wa mafunzo ya siku tano unaonyesha uzito wa jambo hili. Bamvua katika pwani hii kwa kawaida hujaa alfajiri na tena alasiri, karibu saa kumi. Siku ya kwanza maji yakijaa saa kumi alasiri, washiriki wanafunga daftari na kurudi kwao vizuri. Siku ya tano kujaa kumesogea kwa karibu dakika 200, hadi kama saa moja na dakika 20 usiku. Ratiba inayofunga kazi saa kumi kila siku itawaacha watu gatini wakisubiri maji, kisha wasafiri gizani katikati ya mikoko. Dawa yake ni kupanga siku mbili au tatu badala ya tano, au kusogeza saa za kuanza na kufunga kila siku kulingana na majedwali ya maji ya bandarini. Majedwali hayo yasahihishwe na nahodha wa mahali, maana ndani ya delta maji huchelewa kuliko baharini.

Posta inafaa pale tu washiriki ni maofisa na somo linahitaji vifaa vya mjini. Mji wa Kibiti unafaa kwa mafunzo ya hesabu, kompyuta na utawala, kwa kuwa una umeme, nyumba za kulala wageni na ofisi za halmashauri. Mwishoni mwa mwaka 2015 Serikali ya Awamu ya Tano ilibana matumizi ya semina na warsha, na kutaka taasisi za umma zitumie kumbi za serikali badala ya hoteli. Kwa wilaya changa kama Kibiti, ukumbi wa halmashauri na madarasa ya shule wakati wa likizo vikawa chaguo la kawaida.

Nyamisati, iliyomo ndani ya kata ya Salale, ni mahali nchi kavu na maji vinapokutana. Barabara ya vumbi ya takribani kilomita 40 kutoka Bungu inaishia hapo, na ndipo vyombo vya kwenda Kilindoni, Mafia, vinapoondokea. Mwezeshaji anaweza kufika kwa gari na mshiriki kwa boti, wote bila kubadili usafiri mara nyingi. Udhaifu wake ni barabara wakati wa masika, na uchache wa vyumba wageni wakiwa wengi.

Kijiji cha ndani hushinda machaguo mengine yote somo likiwa la vitendo. Kutofautisha miche ya aina za mikoko, kama mkoko wenyewe na mkandaa, au kuchagua tope la kupandia aina nyingine, mchu, hufundishika penye tope. Darasa la shule linatosha. Vijiji vingi hutegemea umeme wa jua, kwa hiyo bango kitita na kalamu rashia vina uhakika kuliko projekta, na jenereta ndogo hubebwa kama akiba. Chakula hupikwa na kina mama wa kijiji, na fedha yake hubaki pale pale.

Gharama nayo huhesabiwa kwa watu wanaosafiri, si kwa bei ya ukumbi. Washiriki 30 wakipelekwa Kibiti kwa siku tatu, wakitumia siku moja kwenda na nyingine kurudi, huzaa posho za siku 150. Wakifundishwa karibu na kwao, siku ni 90, na wengi hawahitaji malazi. Kuwasafirisha wawezeshaji wawili kwenda kwao ni nafuu kuliko kuwatoa watu 30. Nafuu hiyo ina maana zaidi kwa wanawake wenye watoto wadogo, ambao mafunzo ya kulala nje huwaacha nje kabisa.

Mwisho huangaliwa majira. Masika huharibu barabara na kufurisha mto. Mafuriko ya Aprili 2024 yaliathiri vibaya Rufiji na Kibiti. Mpunga unapokomaa watu huhamia mashambani kufukuza ndege na wanyama. Upepo wa kusi ukivuma kwa nguvu, milango ya delta huwa hatari kwa vyombo vidogo. Ijumaa mchana huachwa kwa ajili ya swala, na mwezi wa Ramadhani vikao hufupishwa. Tarehe inayopita vizuizi vyote hivyo, na maji yakiwa mazuri asubuhi na jioni, ndiyo inayoonyesha ni ukumbi upi unafaa. Ndiyo maana katika delta tarehe na mahali huamuliwa pamoja, kwenye kikao kimoja, na wenyeji wanaoyajua maji wakiwemo.