Filamu ya Kulainisha Tochi: Piga Hesabu Kabla ya Kushika Mkasi

Tochi iliyoundwa kufika mbali ni kero ukiitumia karibu. Chukua yenye nguvu ya kandela 40,000. Kwa kipimo cha ANSI FL1, kinachotumika tangu mwaka 2009, kasha lake litaandikwa mita 400, yaani umbali ambao mwanga umepungua hadi luksi 0.25, kiasi cha mbalamwezi pevu. Sasa ielekeze kwenye kisanduku cha fyuzi kilicho mita 2 mbele yako. Katikati inapiga luksi 10,000, wakati meza ya ofisi hutosheka na 500. Mboni ya jicho inajibana kwa sababu ya doa hilo moja, na nyaya zilizo pembeni zinapotea gizani ingawa nazo zimeangaziwa.

Dawa yake inajulikana: weka mbele ya kioo cha tochi kipande cha plastiki kinachotawanya mwanga. Wako wanaotumia stika ya vioo vya madirisha, wengine wanakata vipande vya filamu za studio za picha, na wenye haraka wanabandika selotepu yenye ukungu. Zote zinalainisha, ila bei ya mwanga unaopotea haifanani hata kidogo.

Plastiki nyeupe kama maziwa ndiyo ghali kuliko zote. Ndani yake mna chembe nyingi, na mwanga ukigonga chembe hizo unaruka kila upande, ukiwemo upande uliotoka. Lee 216, filamu nyeupe inayojulikana sana studioni, hupitisha takriban asilimia 36 tu. Nusu yake, Lee 250, hupitisha kama 60, na robo, Lee 251, kama 80. Mpiga picha mwenye taa kubwa iliyochomekwa ukutani hajali hasara hiyo. Mwenye betri moja mkononi anapaswa kujali. Na ukikimbilia ile nyepesi ili kuokoa mwanga, doa la katikati mara nyingi hubaki palepale, limezungukwa na ukungu tu.

Njia ya pili haitumii chembe ndani, bali uso wa plastiki wenyewe. Kampuni ya Luminit ya Torrance, California, huanza na leza: mchoro wa madoa madogo ya nuru unanaswa kwenye kemikali inayoathiriwa na mwanga, halafu vilima na mabonde yanayopatikana yanachapwa juu ya filamu. Kila kilima ni kama lenzi ndogo mno inayopinda mwanga kidogo na kuuruhusu uendelee mbele. Aina nzuri hupitisha asilimia 85 au zaidi, na unaponunua unachagua pembe ya kutawanya, kuanzia nyuzi chache hadi 80.

Namba hiyo ya pembe ndiyo inayowapoteza wengi. Mtu ananunua filamu ya nyuzi 20 akidhani mwali wake utakuwa wa nyuzi 20, au utaongezeka kwa 20. Sivyo. Pembe ya mwali na pembe ya filamu huungana kwa njia hii: zidisha kila moja kwa yenyewe, jumlisha majibu, kisha tafuta kipeuo cha pili. Ni makadirio, lakini yanatosha kwa kazi hii. Mwali mwembamba wa nyuzi 10 ukipita filamu ya 20 unatoka na nyuzi 22 hivi. Chukua taa ya kichwani ambayo tayari inatawanya nyuzi 60, iwekee filamu ya 10, na utapata 61. Umetoa asilimia 10 ya mwanga wako bila kupata chochote.

Kwa hiyo mimi huanza na mwali uliopo, si na filamu. Turudi kwenye tochi yetu ya kandela 40,000, tukichukulia ni ya nyuzi 10. Kwa filamu ya 20 mwali unapanuka zaidi ya mara mbili kila upande, na eneo la kuangaza linakuwa mara 5. Ukiondoa na ule unaopotea kwenye plastiki, zinabaki kandela 7,200 hivi. Umbali unashuka kutoka mita 400 hadi 170, na pale kwenye kisanduku cha fyuzi zinapiga luksi 1,800. Kwa filamu ya 60 zinabaki kandela kama 950, umbali wa mita 60, na luksi 240 pale pale. Ya pili ni ya fundi. Ya kwanza ni ya mtembea usiku, maana anahitaji kuona miguu yake na pia kona ya njia. Filamu moja haiwezi kuwahudumia wote wawili vizuri, na anayekuuzia moja kwa matumizi yote anakuongopea.

Filamu za namna hii zina adui mmoja: gundi. Vilima vinapinda mwanga kwa sababu nje yake kuna hewa. Ukivijaza gundi, ambayo kwa mwanga inakaribia kufanana na plastiki, mpaka baina yao unatoweka na filamu inakuwa kioo kitupu. Selotepu yenye ukungu nayo inatawanya mwanga kwa upande wake usio na gundi. Usipake gundi katikati. Kata duara, libane chini ya pete ya kichwa cha tochi, na upande wenye vilima uelekee balbu: mwanga mwingi zaidi unapita hivyo. Tochi kali inapasha joto kioo chake, hivyo stika za madirisha za PVC, zinazolegea mapema, ziache kwa tochi ndogo.

Kingine ni vivuli. Filamu iliyolala juu ya kioo inapanua mwali, lakini haipanui chanzo cha mwanga. Bado ni duara lenye ukubwa wa kichwa cha tochi, na kidole chako bado kitatupa kivuli kikali. Anayetaka kivuli laini, kwa mfano kwa picha, lazima aisogeze filamu mbali na tochi hadi doa juu yake liwe kubwa.

Kwa baiskeli na pikipiki zipo filamu zinazotawanya upande mmoja zaidi, kwa mfano nyuzi 60 kwa mlalo na 10 kwa wima. Mwanga unajaza barabara bila kupanda sana kwenye macho ya anayekuja. Lakini duara halina juu wala chini. Piga mstari wa kalamu ukingoni kabla ya kukata, la sivyo utaangaza matawi ya miti.