Kaskazini ya Nani? Meli, Saa na Wasafiri Wetu wa Ulaya

Mwambao umejaa tungo za vyombo. Toka Muyaka wa Mombasa hadi taarabu za juzi, dau, jahazi na mashua vimebebeshwa mapenzi, siasa, dunia na mauti. Kilichokosekana ni maisha ya chomboni. Ni nadra mshairi wetu kutuambia abiria alilala wapi, alikula nini siku ya tisa, maji ya kuogea yaligawanywa vipi, na mtu aliufanyia nini mchana mzima usio na kazi. Kwetu sisi chombo ni mfano kwanza, nyumba baadaye. Na mara nyingi hiyo baadaye haifiki.

Kwa hiyo mpenzi wa fasihi atakaye kusoma juu ya safari ndefu za kwenda nchi na bahari za baridi hana budi kuuacha ushairi kwa muda na kuiendea nathari. Huko atakuta maandishi mawili ambayo wengi wetu tunayapita, tukidhani ni mali ya wanahistoria. La kwanza ni la Salim bin Abakari, mtu wa Komoro, aliyefuatana na bwana wake Mjerumani, Bumiller, mwaka 1896, kwenda Urusi na Siberia. Habari zake zimo katika *Safari za Wasuaheli*, mkusanyo uliotolewa na Carl Velten huko Ujerumani mwaka 1901. La pili ni kitabu cha Martin Kayamba, *Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza*, kilichochapishwa London mwaka 1932. Kayamba alizaliwa hapa Unguja, Mbweni, mwaka 1891, akasoma Kiungani, kisha akafanya ukarani wake bara, Tanga. Baadhi yetu tunapenda kumwita mtoto wa Mbweni, na kwa jina hilo kitabu chake tunakihesabu katika hazina ya watu wa bahari. Hesabu hiyo ndiyo ninayotaka kuitilia shaka.

Tuanze na majina ya maandishi yenyewe, kwani ndipo mwandishi anapojifichua kabla hajajipanga. Salim anasema *safari yangu*. Ni mtumishi; nauli hakulipa yeye, wala njia hakuichagua. Hata hivyo safari ni yake. Kayamba, mtumishi wa serikali mwenye cheo, anasema *tulivyoona*, *tulivyofanya*. Mtumishi wa nyumbani amechukua umoja, karani amechukua wingi. Tena katika jina la Kayamba mahali panapotajwa ni Uingereza peke yake. Bahari haimo. Wiki kadhaa za melini, kutoka Dar es Salaam kupitia Suez, jina limeziruka kama ukurasa mweupe kati ya sura mbili.

Silaumu. Nathari ya Kayamba ni ya mtu wa ofisi, nyoofu na ya adabu, ikitaja vyeo vya watu na kushukuru inapostahili. Ana haki ya kuwa alivyo. Lakini kiambishi *tu-* kimebeba watu watatu, na kalamu ni moja. Mwaka 1931 kamati ya mabunge mawili ya Uingereza iliwaita mashahidi wa Kiafrika watoe maoni juu ya mpango wa kuziunganisha Kenya, Uganda na Tanganyika. Kutoka Tanganyika walikwenda Kayamba, Francis Lwamugira wa Bukoba, na Mtemi Makwaia wa Usiha, Shinyanga. Waliupinga muungano ule, na haukufanyika. Wanasiasa wameyaandika hayo vya kutosha. Mhakiki wa fasihi anabakiwa na swali dogo zaidi: ndani ya *tulivyoona*, mtemi wa Shinyanga aliona nini?

Hapa sina budi kupita njia ya maneno.

Lugha yetu ya pwani inaijua kaskazini kwa upepo. Kaskazi huvuma kuanzia Disemba hadi Machi, huleta majahazi ya Arabuni, na huleta joto. Kusi hufuata, na pamoja nayo baridi ya miezi ya Juni na Julai. Kwa Mswahili wa zamani, basi, kaskazini ni upande wa hari na wageni, na kusini ni upande wa baridi. Mfasiri wa ushairi wa Ulaya huyajua machungu haya: ukikuta mshairi wao anausifu upepo wa kusini kwa uvuguvugu wake, ukiandika kusi umemtia msomaji wa Pemba kwenye mawimbi na nguo nzito. Mimi nimewahi kuandika “upepo wa upole” nikaacha dira kabisa, na bado sijajutia.

Sasa mtazame Salim akielekea Petersburg na Siberia akiwa na lugha hiyo mfukoni. Kila hatua ya kwenda kaskazini ni hatua ya kwenda kwenye theluji, na maneno yake yanamwambia kinyume. Theluji yenyewe ni neno la Kiarabu, barafu ni la Kiajemi; yote mawili yalifika kwetu kabla ya vitu vyenyewe. Wasomi wengi humsoma kwa ajili ya ajabu alizokutana nazo. Mimi namsoma kwa ajili ya utulivu wake. Hapigi kelele, hatafuti tashbihi. Anataja vituo, mavazi, watu na chakula, kwa reli, kwa meli za mito na kwa magari ya farasi, mtindo ule ule wa wasafiri wenzake waliomo katika mkusanyo ule wanaoelezea njia za Udoe na Nyasa. Baadhi ya wahakiki wameuita ukavu. Naona ni uhodari: dunia ilipogeuka juu chini, yeye alishika orodha.

Na dunia ilikuwa imegeuka hata kwa saa. Saa ya Kiswahili huanza jua linapochomoza; saa moja ya asubuhi ni saa moja ya mchana kuishi. Hesabu hiyo imewezekana kwa sababu hapa kwetu, nyuzi sita tu kusini ya mstari wa ikweta, urefu wa mchana hautofautiani sana mwaka mzima. Petersburg mwezi wa Juni mchana hukaribia saa 19, na usiku hauingii giza kamili. Jua linachomoza wakati ambao kwetu bado ni saa tisa usiku na kitu. Sasa saa moja ni ipi? Na mtu wa swala, maghribi na isha ataziweka wapi? London nayo, mwishoni mwa Mei, jua huwa bado liko juu ya nyumba saa mbili za usiku kwa hesabu yetu. Neno *usiku* katika sentensi hiyo limekuwa uongo, na hakuna jingine la kuliweka badala yake.

Ndiyo maana meli kubwa haikuwahi kulitegemea jua. Siku ya baharia hukatwa kwa zamu za saa nne nne, na kengele hupigwa kila nusu saa. Kengele ya nane ndiyo mwisho wa zamu. Abiria hufuata kwa mlango wa nyuma: chakula kwa wakati wake, kuoga kwa wakati wake, matembezi ya sitahani, kulala kwa sababu kengele imesema na si kwa sababu kumekucha au kumekuchwa. Haya ndiyo maisha ya safari ndefu ya bahari za kaskazini, na ushairi wetu, unaojisifu kwa bahari, haujayagusa.

Narudi kwa Makwaia. Usiha ni nchi ya ng'ombe, mtama na pamba, mbali na maji ya chumvi. Reli ya kutoka Tabora kwenda Mwanza, inayopita Shinyanga, ilikuwa imekamilika mwaka 1928, miaka mitatu tu kabla ya safari. Mtu wa nchi ile hana kaskazi wala kusi. Ana masika na kiangazi. Lakini ana kaskazini yake, tena imo katika jina lake. *Sukuma* maana yake ni kaskazini, kama *dakama* ilivyo kusini: Wasukuma ni watu wa upande wa kaskazini, waitwavyo hivyo kutoka upande wa Unyamwezi. Kaskazini kwake haikuwa upepo, haikuwa joto wala baridi. Ilikuwa watu. Mtu wa namna hiyo akisimama sitahani na kuona meli inaelekea kaskazini siku baada ya siku, fikra zake hazikuwa za Kayamba, wala zisingeweza kuingia katika *tu-* ya Kayamba bila kubanwa. Mwanawe, Kidaha Makwaia, alisoma hadi Oxford, na mwaka 1945 yeye na Abdiel Shangali wa Machame wakawa Waafrika wa kwanza kuteuliwa katika Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika. Hotuba za mwana zimo katika kumbukumbu za baraza. Safari ya baba tunaisoma kwa mkono wa mwenzake.

Tutaambiwa: mtu wa bara atajuaje bahari? Nawajibu wanaouliza hivyo kwamba mkanda wa dhahabu wa Geita unaijua zamu kuliko Forodhani. Mgodi mkubwa uliofunguliwa pale mwaka 2000 hufanya kazi usiku na mchana. Anayeshuka chini ya ardhi huacha jua mlangoni na kulikuta limehama. Saa ya Kiswahili humvunjikia mchimbaji kama ilivyoweza kumvunjikia Salim, mmoja kwa usiku usio na mchana, mwingine kwa mchana usio na usiku. Na chombo kwao si mfano. Tarehe 21 Mei 1996 *MV Bukoba* ilizama karibu na Mwanza na mamia ya watu. Baada ya hapo, mtu wa ziwani akisema meli imezama, hana haja ya kueleza anamaanisha nini. Hadi daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, aliyetaka kutoka Mwanza kwenda Geita kwa njia ile alisubiri kivuko kwenye foleni, akajua kwa mwili wake kwamba sehemu kubwa ya safari ya maji ni kungoja. Msomaji huyo akipewa Salim bin Abakari, hatauliza ziko wapi tamathali.

Kitabu cha Kayamba kinastahili kuchapishwa upya, pamoja na habari za Salim, kwa hati ya leo. Ningeomba mhariri wake asiwe mtu wa pwani peke yake. Awepo na mjuzi wa Kisukuma, afasiri sura za safari, na kila panaposemwa kwamba meli ilielekea kaskazini aandike neno linalostahili katika lugha ya Makwaia. Msomaji wa Usiha atakuta hapo jina la watu wake mwenyewe, katikati ya bahari.