Mwovu wa Hadithi na Kifo cha Reli

Si kazi nyepesi kuihukumu hadithi iliyokwisha kupendwa. Filamu ya Who Framed Roger Rabbit, iliyoongozwa na Robert Zemeckis na kutolewa mwaka 1988, ni moja katika hizo. Ndani yake sungura wa katuni anasingiziwa uuaji. Na mtu aliyelelewa kwa ngano zetu, ambamo Sungura ndiye mlaghai, hucheka kumwona huyu akilaghaiwa. Walakini chini ya mchezo huo pana jambo lililotokea kweli, nalo ndilo nitakalolichungua: kifo cha Pacific Electric, reli ya umeme iliyouunganisha mji wa Los Angeles na miji ya kando yake, katika jimbo la California, Marekani.

Filamu inatupa sababu ya kifo hicho kwa sura ya mtu mmoja. Mwaka ni 1947. Hakimu Doom, kwa kampuni yake ya siri, ameinunua reli ili aivunje, apitishe barabara kuu ya motokaa na kuvuna fedha kando yake. Kwa kuwa ni kisa cha kuigizwa, hapana dosari: mwovu anajulikana, nia yake inajulikana, na adhabu inampata. Kwa historia kasoro ipo, na yapasa ielezwe kwa uadilifu.

Nasema kwa uadilifu kwa sababu hadithi haikuzuliwa tu. Mwaka 1949 mahakama ya Chicago iliitia hatiani General Motors, pamoja na kampuni za mafuta na mipira, kwa kula njama ya kuhodhi biashara ya kuziuzia mabasi na vifaa kampuni zilizokuwa chini ya National City Lines. Faini ya General Motors ilikuwa dola 5,000. Mwaka 1974 mwanasheria Bradford Snell alilieleza shauri hilo mbele ya kamati ya Seneti, nalo likavuma. Lakini National City Lines haikuinunua Pacific Electric. Katika Los Angeles, kundi lake lilitwaa mwaka 1945 Los Angeles Railway, yaani tramu za manjano za mitaa ya mjini. Magari mekundu ya Pacific Electric yalikuwa mali ya Southern Pacific tangu 1911. Hadithi imechanganya rangi mbili, ikapata mwovu mmoja.

Basi na tumtafute muuaji penginepo, tukianzia siku za kuzaliwa. Henry Huntington aliianzisha Pacific Electric mwaka 1901, na mwaka uliofuata njia ya Long Beach ikafunguliwa. Huntington alikuwa pia na kampuni ya ardhi. Aghalabu reli ilipelekwa mashambani si kwa kuwa abiria walikuwa wakiingoja, bali ili viwanja vipande thamani na kununuliwa. Kwa njia hiyo mtandao ulikua hata ukapita kilomita 1,600 za reli. Faida kubwa ilitoka katika ardhi, si katika nauli. Viwanja vilipokwisha kuuzwa, reli ilibaki na kazi ya kuchukua watu tu, kazi ambayo haikuundwa ili iishi kwayo.

Nao walionunua viwanja wakanunua motokaa. Motokaa zilijaa katika barabara zile zile yalimopita magari mekundu, zikayachelewesha katika kila njia panda. Mwendo ulipopungua, abiria walipungua. Abiria walipopungua, mwenye reli aliweka mabasi badala yake. Vita Kuu ya Pili, petroli na mipira vilipogawiwa kwa kipimo, iliwarudisha abiria. Amani ikawaondoa tena. Mwaka 1953 huduma ya abiria iliuzwa kwa kampuni ya mabasi. Mwaka 1958 ikatwaliwa na mamlaka ya umma. Mamlaka hiyo ya umma ndiyo iliyoifunga njia ya mwisho, ile ile ya Long Beach, mwezi wa Aprili 1961. Doom wa filamu alikuwa amekwisha kuyeyuka miaka 14 kabla.

Hapa ndipo kosa linapopita kosa la tarehe. Mwovu mmoja huwasamehe wengi. Mtazamaji hutoka akimchukia Doom, kisha huingia katika motokaa yake kwa moyo safi. Wanafunzi wangu nao, waandikapo tamthilia juu ya kuanguka kwa kiwanda au ushirika, hukimbilia kumsaka mnyonyaji mmoja. Pengine yupo. Nawaomba tu waulize pia: kitu hiki kiliundwa kwa faida gani, na faida hiyo ilipokwisha, nani alibaki akikitaka?

Jawabu la Los Angeles lilikawia. Mwaka 1980 wapiga kura wa wilaya yake walikubali kujitoza kodi kwa ajili ya usafiri, na Julai 1990 treni ya umeme ikarudi Long Beach, sehemu kubwa ikipita njia ile ile ya zamani. Hadithi ya Hakimu Doom haina mahali pa tukio hilo, kwa kuwa watu waliolitenda ni wale wale ambao imewasahau.