Fulana ya Kilimo Kwanza

Nyumbani Tosamaganga, shangazi yangu ana fulana ya Kilimo Kwanza. Zamani ilikuwa ya kijani. Sasa imepauka, na maandishi ya kifuani yamebanduka yakabaki KILIMO KWA. Huivaa akienda kupalilia mahindi. Kila nikija likizo naisoma upya, maana jua na sabuni vimeihariri vizuri kuliko wizara: kilimo kwa nani?

Tumezoea kuhakiki riwaya na mashairi. Kaulimbiu za serikali tunaziacha, ingawa zinasomwa na watu wengi kuliko riwaya yoyote, na gharama yake tunailipa sote. Nazichukua za kilimo tu, kwa kuwa mkoa huu umezipitia zote.

Ya kwanza ilizaliwa hapa hapa. Mei 1972 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Iringa ikatoa azimio la Siasa ni Kilimo. Ni maneno matatu, lakini ni sentensi kamili. Inatoa dai, na dai linaweza kupingwa. Nalo lilipingwa upesi: kufikia 1974 nchi ilikuwa inaagiza nafaka kwa wingi kutoka nje. Siitamani enzi ile. Waliohamishwa kwa nguvu kwenda vijijini wanaikumbuka vizuri. Nasema tu kwamba mwenye njaa alikuwa na pa kushika. Mlisema siasa ni kilimo, chakula kiko wapi?

Kilimo Kwanza, ya mwaka 2009, haina kitenzi. Kwanza kabla ya nini? Ilikuja na nguzo kumi, pawatila, kofia na hizo fulana. Miaka sita kabla yake, huko Maputo, serikali za Afrika, yetu ikiwamo, zilikuwa zimeahidi kukipa kilimo asilimia 10 ya bajeti. Kilimo kikawa cha kwanza kifuani, asilimia 10 hatukuifikia.

Mwaka uliofuata ikaja SAGCOT, nasi tukawa "kongani ya Ihemi". Ihemi ni kijiji, unakipita ukielekea Mafinga. Hilo neno kongani sijawahi kumsikia mkulima akilitamka. Mwaka 2013 zikaja herufi nyingine, BRN, Matokeo Makubwa Sasa. Hiyo sasa ilipita.

Leo tuna BBT, Building a Better Tomorrow. Kiswahili chake kipo, Jenga Kesho Iliyo Bora, lakini ni tafsiri iliyofuata nyuma, na watu husema bibiti. Tazama kilichopotea njiani: kilimo chenyewe. Jina hilo lingeweza kuwa la benki au la shule ya chekechea. Mwaka 2023 vijana zaidi ya 800 waliingia vituo atamizi chini ya jina ambalo halina jembe, shamba wala mvua.

Haki itendeke: safari hii fedha ziliongezeka kweli. Bajeti ya Wizara ya Kilimo ilitoka shilingi bilioni 294 mwaka 2021/22 ikafika bilioni 970 mwaka 2023/24. Ndiyo maana jina linaniudhi zaidi. Mbolea ya ruzuku ingemea vilevile bila nembo.

Gharama ya jina jipya huwezi kuikuta kwenye kifungu kimoja cha bajeti. Imetawanyika katika machapisho, semina, maonesho na stika za milango ya magari. Nenda Nane Nane viwanja vya John Mwakangale, Mbeya, utazame mabango yanavyoning'inia mabandani. Lakini kitambaa ni gharama ndogo. Jina jipya linapozinduliwa, la zamani halifungwi. Hakuna sherehe ya kusoma hesabu za Kilimo Kwanza, nguzo moja moja, ipi ilisimama na ipi ilianguka. Ukiuliza habari za pawatila unaonekana mtu wa zamani, kama anayeulizia sarafu iliyoondolewa sokoni.

Nilimweleza shangazi haya yote tukiwa tunapukuchua mahindi. Alisikiliza kwa heshima ya mtu aliyemlipia mwenzake ada. Kisha akauliza kama hao wa bibiti nao wanagawa fulana, kwa sababu hii yake imeanza kuchanika kwapani.