Mwalimu wa Mbali na Mwalimu wa Karibu



Siku hizi walimu wa shule kubwa huletewa habari nyingi juu ya vyombo vipya vya kufundishia. Kila mwaka chombo kipya, kila mwaka sifa mpya. Waambiwa: masomo haya yamo katika intaneti, ni ya bure, yametengenezwa na maprofesa wenye jina kubwa, yachukueni, mtapumzika. Tena waonywa kwamba asiyeyachukua atabaki nyuma. Habari hizo zafika hata kwetu, kwa kuwa mwenye simu aweza kufungua masomo yale yale yanayofunguliwa Ulaya na Marekani.

Basi, yafaa tuzipime. Lakini hatutaki kuzipima kwa maneno matupu. Tutatwaa mambo yaliyotokea kweli katika mji mmoja wa Marekani, nasi tutayafuata mpaka mwisho wake.

Sifa kubwa

Mwanzo wake ni mwaka 2011. Katika universite ya Stanford, huko California, walimu wawili, Sebastian Thrun na Peter Norvig, walifungua somo lao juu ya akili bandia kwa watu wote, bila malipo, kwa njia ya intaneti. Watu kama 160,000 wakajiandikisha. Hesabu hiyo ilishangaza wengi. Thrun akaunda kampuni, jina lake Udacity. Wenzake wawili wa Stanford, Andrew Ng na Daphne Koller, wakaunda Coursera. Mwaka 2012 universite za Harvard na MIT zikaahidi kila moja dola milioni 30 kwa kuanzisha edX. Gazeti la New York Times likauita mwaka ule mwaka wa kozi hizo kubwa za wazi.

Lakini katika habari zile hesabu moja ilipigiwa ngoma, na nyingine ikanong'onwa tu. Waliojiandikisha walikuwa 160,000. Waliomaliza walikuwa kama 23,000. Ni kusema, katika watu saba, sita waliachia njiani. Hatusemi kwamba watu 23,000 ni haba; ni walimu wachache mno waliofundisha darasa la namna hiyo. Twasema hivi tu: mtu akikuonyesha mlango wa kuingilia na kuusifu sana, muulize pia habari za mlango wa kutokea.

Mapatano ya San José

Sasa twende San José, mji usio mbali na Stanford. Universite yake ni ya serikali ya California, na wanafunzi wake wengi ni watoto wa watu wa kawaida, wanaofanya kazi huku wakisoma. Baada ya msiba wa feza wa mwaka 2008 serikali ilipunguza feza za shule zake, na vijana wengi wakakosa nafasi katika madarasa waliyoyahitaji. Shida ilikuwa ya kweli. Haifai kuwacheka wakubwa waliotafuta dawa.

Mwezi wa kwanza wa mwaka 2013, Gavana Jerry Brown, wakubwa wa universite na watu wa Udacity walitangaza mapatano yao. Masomo matatu yangefundishwa kwa intaneti: hesabu za mwanzo, aljebra na takwimu. Bei yake ilikuwa dola 150 kwa somo moja, chini sana ya bei ya kawaida. Wanafunzi wengine walikuwa wa universite yenyewe, wengine walikuwa wa shule za sekondari au watu wa nje.

Matunda yake yalikuwa machungu. Katika hesabu za mwanzo waliofaulu hawakufika 30 kwa mia. Katika takwimu walifika nusu hivi. Madarasa ya kawaida, yenye mwalimu wa kuonekana, yalikuwa na wenye kufaulu wengi zaidi. Mwezi wa saba universite ikatangaza kwamba itayasimamisha masomo hayo kwanza, ipate kufikiri.

Kwa nini ilikuwa vile? Masomo yalitengenezwa kwa haraka. Katika vijana wa shule moja ya sekondari walikuwamo wasio na kompyuta nyumbani: waliandikishwa katika shule ya kompyuta bila kompyuta! Na watafiti waliochungua matokeo waliona kwamba neno lililopita mengine yote ni bidii ya mwanafunzi mwenyewe. Aliyefanya kazi yake alifaulu, aliyeiacha alishindwa.

Msomaji atasema: basi kosa ni la wanafunzi. Ngoja kwanza. Bidii yatoka wapi? Mtu mzima aliyekwisha kusoma sana hujisukuma mwenyewe. Kijana aliyeshindwa hesabu jana, anayerudi kutoka kazini usiku na kichwa kizito, huyo ataka mtu wa kumwita kwa jina na kumwambia: jana hukuleta kazi yako, una nini? Mashine ilimwonyesha somo, haikumwuliza habari zake.

Ushuhuda wake ni huu. Wakati wa likizo ya mwaka ule masomo yalifundishwa tena, na katika takwimu na aljebra watu wengi wakafaulu. Wenye kusifu wakashangilia. Lakini kumbe, zaidi ya nusu ya wanafunzi wa likizo walikuwa na diploma ya universite tayari! Dawa inayowaponya watu wazima wa afya tu, na kuwaacha wagonjwa kitandani, tuiiteje?

Barua ya maprofesa

Katika universite ile ile, mwaka ule ule, palitokea shauri la pili. Maprofesa wa filosofia walitakiwa kutumia somo la Michael Sandel wa Harvard, lililowekwa katika edX. Jina lake ni Justice, maana yake Haki.

Tulitazame somo lenyewe kwanza, maana si haki kuhukumu kazi ya mtu bila kuitazama. Ni kazi nzuri sana. Lilitolewa kwa sinema mwaka 2009, vipande 12, kila kimoja karibu saa nzima. Sandel hasomi karatasi. Anasimama katika jumba kubwa mbele ya mamia ya wanafunzi, anawapa fumbo: wewe ni dereva wa tramu, breki zimekufa, na mbele yako wapo wafanyakazi watano. Waweza kugeuza njia, lakini huko yupo mfanyakazi mmoja. Utafanya nini? Wengi wanainua mkono: afe mmoja, wapone watano. Hapo analigeuza fumbo kidogo: umesimama juu ya daraja, na kando yako yupo mtu mnene, ukimsukuma ataanguka njiani, na mwili wake utaisimamisha tramu. Sasa wengi wanakataa. Je, hesabu si ile ile, mmoja kwa watano? Mwanafunzi mmoja anasimama kujibu. Sandel anamwuliza jina lake, anarudia jibu lake, kisha anatafuta mwenye kumpinga.

Uzuri wa somo hilo ni nini, basi? Si kwamba Sandel anajua mengi kuliko maprofesa wengine wote. Uzuri wake ni kwamba anamwuliza mtu, na mtu yule hawezi kujificha. Amesema neno mbele ya wenzake. Sasa sharti alitetee au aliache. Lakini yule anayetazama kwa mbali anaona wengine wakiulizwa, yeye haulizwi. Aweza kukaa kimya mpaka mwisho, aweza kwenda kuchemsha chai, na Sandel hatajua. Angalieni sana: jambo lile linalolifanya somo kuwa zuri ndilo lisilosafirishika. Wazee walisema: fimbo ya mbali haiui nyoka.

Mwaka 2013 maprofesa wa San José walimwandikia Sandel barua ya wazi, wakakataa kulitumia somo lake. Waliogopa kwamba zitakuwapo universite za namna mbili: moja ya matajiri, ambao watafundishwa na profesa mwenyewe, na moja ya wengine, ambao watatazama sinema ya profesa wa matajiri. Waliuliza pia kama yafaa vijana wao, waliotoka katika jamaa na mataifa mbalimbali, wajifunze haki kwa kuwasikiliza vijana wa Harvard wakizungumza. Sandel akajibu kwamba nia yake ilikuwa kutoa kitu cha bure kwa watu wote, wala hapendi kitumiwe kwa kuwaharibia walimu wenzake kazi.

Sisi twaona kwamba barua ile ilisema kweli, lakini yahitaji kuongezwa neno. Kitu hakiwi kibaya kwa sababu ya kutoka mbali. Kitabu nacho hutoka mbali. Plato yu mbali nasi kuliko Harvard, na walimu wa filosofia wanamfundisha kila mwaka bila kunung'unika. Tena, mwalimu mvivu asijifiche nyuma ya barua ile. Mwalimu anayesoma daftari lile lile miaka 20, asiyemwuliza mwanafunzi hata neno moja, huyo naye ni sinema tu, tena sinema mbaya, maana hata kuirudisha nyuma haiwezekani. Shauri si mbali au karibu kwa kupima kilomita. Shauri ni hili: nani atauliza, na nani atalazimika kujibu?

Darasa lililofaulu

Mfano wa tatu unatoka hapo hapo San José. Mwishoni mwa mwaka 2012 darasa moja la mafundi wa umeme lilitumia somo lililotengenezwa na MIT kwa edX. Wanafunzi walitazama mafundisho nyumbani. Walipofika darasani hawakuhubiriwa tena. Walifanya mazoezi kwa vikundi, na mwalimu wao alipita katikati yao, akisahihisha na kuuliza. Waliofaulu walikuwa 91 kwa mia, ambapo katika madarasa ya kawaida ya somo lile walikuwa chini ya 60.

Darasa moja si ushuhuda wa kutosha, nasi hatutaki kulisifu kupita kiasi, kama wale tuliowakemea hapo juu. Lakini tulinganishe. Mji ni mmoja, universite ni moja, miezi ni karibu ile ile. Pale mwalimu alipoondolewa, wadhaifu walianguka. Pale mwalimu alipobaki, chombo kipya kilimsaidia. Wala hakupumzika, kama habari zinavyoahidi! Kazi yake ilibadilika. Zamani aliandaa maneno yake mwenyewe. Sasa sharti awe tayari kwa maswali ya kila mmoja, na hayo hayaandikwi mapema katika daftari.

Mwisho wa mambo yale, na mwanzo mpya

Kampuni zile zilifikia wapi? Thrun mwenyewe, kabla mwaka 2013 haujaisha, alikiri kwamba bidhaa yake haikuwa nzuri, akaigeuza Udacity iwafundishe hasa watu wa kazi katika makampuni. Mwaka 2024 ikanunuliwa na Accenture. edX iliuzwa mwaka 2021 kwa kampuni 2U, kwa dola milioni 800. Na mwaka 2024 2U ikaenda mahakamani kuomba ulinzi kwa sababu ya madeni yake. Masomo yenyewe hayakufa. Watu wengi bado wanajifunza kwa njia hiyo, na kazi hiyo ni njema. Kilichokufa ni ile ahadi kwamba mwalimu hatahitajiwa tena.

Lakini ahadi ya namna hiyo haikai kaburini siku nyingi. Mwishoni mwa mwaka 2022 ilitokea ChatGPT, mashine inayojibu kwa maneno kama mtu. Na mwezi wa pili wa mwaka 2025 chama cha universite za serikali ya California, ambamo San José imo, kilitangaza kwamba wanafunzi wake zaidi ya 460,000 na watumishi wake zaidi ya 63,000 watapewa mashine hiyo. Vijana ni wa nchi ile ile, sifa ni zile zile, na haraka ni ile ile.

Mtu atatuambia: mashine hii ni tofauti, maana yenyewe inauliza na kujibu. Ni kweli, na ndiyo maana yataka kupimwa kwa akili zaidi. Sinema ya Sandel haikuweza kumwuliza kijana. Mashine hii yaweza kumwuliza, lakini yaweza pia kumjibia. Kijana akipewa fumbo la tramu jioni, aweza kuleta asubuhi ukurasa mzima wa majibu mazuri ambayo hakuyafikiri hata moja. Nani atajua? Mwalimu wa karibu atajua, akimwambia: weka karatasi chini, sasa unieleze kwa kinywa chako. Asipokuwapo mwalimu wa kusema hivyo, kijana atapata diploma naye atakuwa kama alivyoingia.

Basi, ninyi walimu, na ninyi wazazi mnaolipa shule, mkisoma habari ya chombo kipya, ulizeni mambo matatu. Kwanza: anayekisifu ndiye anayekiuza? Pili: walioanza ni wangapi, waliomaliza ni wangapi, na hao waliomaliza walikuwa nani kabla ya kuanza? Tatu: chombo hiki kikiingia darasani, mwalimu atakaa wapi? Mkijibiwa kwamba atakaa katikati ya wanafunzi wake, kipokeeni, mkijaribu. Mkijibiwa kwamba atatoka nje ili feza zipungue, ulizeni mara ya pili ni watoto wa nani watakaobaki na mashine peke yao. Huko California jibu lilionekana katika miezi michache: walikuwa wale waliomhitaji mwalimu kuliko wote.