Ziba Hesi Kabla ya Beseni

Tazama fremu ya paneli ya sola juu ya bati. Ni alumini, lakini unachokigusa ni ngozi ya oksidi, iliyooteshwa kwa umeme ndani ya beseni la asidi. Fremu haina taabu. Taabu huanza pale kipande cha alumini kinapokuwa na tundu lenye hesi, zile nyuzi za bolti ambazo mafundi wengi tunaziita thredi.

Ngozi hii haipakwi kama rangi. Ikiwa nene na ngumu, takriban nusu ya unene wake hula ndani ya alumini yenyewe, nusu huchomoza nje. Ngozi ngumu ya mikroni 50 huchomoza mikroni 25. Zinaonekana chache, ila kuta za hesi zinakutana kwa pembe ya digrii 60, hivyo kipenyo cha hesi hubanwa mara 4 ya kile kilichochomoza: mikroni 100. Hesi ya kawaida ya bolti ya milimita 6 imeachiwa nafasi ya mikroni 150 tu. Theluthi mbili zimeshaliwa kabla bolti haijaingia, na ikilazimishwa inaweza kukwama.

Mwaka 1923 Waingereza Bengough na Stuart walilinda vipande vya ndege za majini kwa ngozi kama hii, iliyooteshwa ndani ya asidi ya kromiki. Ngozi yake ilikuwa nyembamba, na asidi iliyobaki kwenye nyufa haikuila metali kama asidi ya salfuriki inavyoila. Lakini kromi hiyo huleta saratani. Kwangu mimi, salfuriki pamoja na kizibo kizuri cha kuziba tundu lenye hesi kabla ya beseni ni bora kuliko afya ya mfanyakazi kupotea.

Kizibo cha silikoni kinatosha kwa tundu linalotokea upande wa pili. Tundu lisilotokea ndilo gumu: hewa iliyonaswa hupanuka kipande kikiingizwa kwenye maji yanayokaribia kuchemka, hatua ya mwisho ya kazi, na kizibo huruka. Hapo funga bolti ya plastiki. Ya chuma usithubutu, huvuta umeme na kuliwa na asidi.

Nawe fundi wa sola, kumbuka kwamba ngozi hii haipitishi umeme. Unapofunga waya wa ethi kwenye fremu, weka washa yenye meno ikwaruze hadi alumini tupu, kisha pima kwa mita kabla hujashuka kwenye ngazi.